Ukuta wa Forodhani usitiwe vyuma, utiwe alama ya maji

Mhariri,

Assalamu alaykum. Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme juu ya ukuta wa Forodhani, kabla maneno ya barazani hayajageuka kuwa kazi ya mafundi wa kuchomelea.

Tangu video za makachu, yaani vijana kujirusha baharini kutoka ukutani, zianze kusambaa kwenye simu za watu, kila nikikaa na watu wa rika langu nasikia rai ileile: ukuta utiwe vyuma mwanzo hadi mwisho, vifike kifuani mwa mtu mzima, na kijana atakayepanda akamatwe. Wanaosema hivyo ni wazazi wenye huruma, nawaheshimu. Hofu yao naijua vizuri. Nimekuwa muuguzi maisha yangu yote ya kazi, kwanza hapa Unguja kisha London, na miaka mingi nilikuwa wodi za mifupa. Nimewalisha kwa kijiko vijana waliovunjika shingo, nimewageuza ubavu baada ya ubavu usiku kucha wasipate vidonda vya mgongoni, nimekaa na mama zao. Kwa hiyo ninaposema vyuma visitiwe, nasema nikiwa na wale vijana kichwani.

Kwa msomaji wa bara ambaye hajafika, bustani ya Forodhani iko mbele ya Ngome Kongwe na Beit el Ajaib, na upande wa bahari imekingwa kwa ukuta. Ilitengenezwa upya na taasisi ya utamaduni ya Aga Khan, ikafunguliwa tena mwaka 2009, na anayekumbuka hali yake ya kabla hawezi kukana kuwa kazi nzuri ilifanyika. Jioni wachuuzi wanapanga meza zao, mishkaki, pweza, urojo, juisi ya miwa. Saa hiyohiyo vijana wanavua mashati, wanarudi nyuma hatua kadhaa, wanakimbia na kujirusha baharini. Mmoja anapinduka hewani, mwengine anajinyoosha kama amelala kitandani, kisha karibu na maji anajikunja na kuingia salama. Hayo ndiyo makachu. Wageni wanapiga picha, lakini wanaoshangilia zaidi ni sisi wenyewe, mabibi tuliokaa na wajukuu, askari aliyemaliza zamu, mchuuzi anayesahau mshikaki wake motoni.

Pale ndipo watoto wengi wa mjini wanapojifunza kuogelea. Sikuwahi kusikia mtoto wa Mji Mkongwe akilipiwa mwalimu. Mdogo anaanza kwenye kina kifupi akimtazama kaka yake, anashikwa mkono, anasukumwa kidogo, msimu unaofuata anaogelea. Sisi ni watu wa kisiwa. Tarehe 10 Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama upande wa Nungwi, na tarehe 18 Julai 2012 ikazama MV Skagit karibu na Chumbe, na hakuna nyumba hapa isiyomjua mtu aliyepoteza mtu. Sisemi kwamba kujua kuogelea kungewaokoa wote katikati ya mkondo. Nasema kwamba kisiwa kilichozika watu namna hiyo hakina haki ya kumfukuza mtoto wake kwenye mahali anapofundishwa maji bila malipo.

Nina sababu nyengine ya kuandika, na iko karibu na nyumbani kwangu. Katika kiwanja kimoja cha watoto hapa mjini, ambacho sitakitaja, palikuwa na pembea ndefu za minyororo zilizopendwa sana. Mtoto mmoja alianguka akavunjika mkono. Haikuchukua muda, minyororo ikazungushwa juu ya boriti na kutiwa kufuli. Ngazi ya mserereko nayo ikakatwa, ingawa mserereko haukuwa na kosa lolote. Tukaambiwa ni kwa usalama wa watoto. Mjukuu wangu na wenzake hawakurudi nyumbani kukaa kimya. Walitafuta kamba ya nailoni, wakaifunga kwenye mti wa mkungu ulioinama juu ya barabara, na hapo ndipo wanapopembea hadi leo. Chini ya pembea za zamani palikuwa na mchanga. Chini ya mkungu kuna lami, na gari zinapita. Yule mtoto aliyevunjika mkono ameshafunguliwa plasta zamani na mkono wake mzima, kwani mfupa wa mtoto ukifungwa vizuri kwa kawaida huunga kwa wiki sita hivi. Kufuli bado iko palepale na imeota kutu.

Hapo ndipo ninapoona tunakosea hesabu. Kuna maumivu yanayopona na kuna maumivu yasiyopona, na kazi ya mtu mzima ni kuyatenganisha. Mkono, goti, jino, hivyo ni sehemu ya kukua. Shingo na kuzama majini ni jambo jengine kabisa. Anayeweka kizuizi kimoja kwa yote mawili huishia kuwanyima watoto madogo yanayowakomaza, na lile kubwa analiacha likiwasubiri upande wa pili wa uzio.

Nilipokuwa London, majira ya joto ya mwaka 2004, ilifunguliwa chemchemi ya kumbukumbu ya Bintimfalme Diana katika bustani ya Hyde Park. Malkia mwenyewe aliifungua mwezi Julai. Ilikuwa duara kubwa la mawe ya matale kutoka Cornwall lililolazwa kwenye mteremko, maji yakipita ndani yake, upande mmoja kwa utulivu na upande mwengine kwa kurukaruka. Mbunifu wake, Kathryn Gustafson, alitaka watu wayaguse maji na kuingia. Watu wakaingia kweli, watoto kwa makumi, watu wazima suruali zimekunjwa magotini. Kabla ya mwezi kwisha watu watatu wakateleza, mmoja wao mtoto, na chemchemi ikafungwa. Ilipofunguliwa tena mwezi Agosti ilikuwa imezungushiwa uzio, ina walinzi, na amri kwamba hakuna kutembea ndani ya maji. Mtu anaruhusiwa kukaa ukingoni na kutumbukiza miguu. Niliipita mara nyingi miaka iliyofuata. Bado ni nzuri, watu bado wanakaa, lakini zile kelele za wiki za mwanzo sikuzisikia tena. Ukweli ni kwamba kuteleza kwenye maji yasiyofika goti, ambako mzazi amesimama hatua mbili tu, ni katika yale madogo yanayopona.

Kisa cha pili ni kizito zaidi, na ningependa kila anayetaka kuutia ukuta wetu vyuma akijue. Kaskazini magharibi ya Uingereza, karibu na mji wa Congleton, kuna bustani ya Brereton Heath. Zamani palikuwa machimbo ya mchanga, shimo likajaa maji likawa ziwa, na kingo zake zikawa fukwe za mchanga ambako familia zilikwenda kila siku ya jua. Kuogelea kulikatazwa kwa vibao, na watu wakaogelea. Mwezi Mei 1995 kijana wa miaka 18 alisimama kwenye maji yaliyomzidi magoti kidogo, akajitupa mbele kwa kichwa. Kichwa kikagonga mchanga, pingili ya tano ya shingo ikavunjika, na akapooza kuanzia shingoni kwenda chini. Nimewauguza wa namna yake. Sitaki msomaji apite mstari huu haraka.

Halmashauri ya pale, ambayo tayari ilikuwa na wasiwasi wa kushitakiwa, ikamwaga kifusi na udongo juu ya fukwe zile na kupanda mimea, ili watu wasiweze kufika majini. Kijana alifungua kesi kudai fidia, nayo ikapanda hadi kwa majaji wakuu wa Baraza la Mabwana, waliotoa hukumu mwezi Julai 2003. Walimhurumia kwa maneno yasiyo na unafiki. Kisha wakasema halmashauri haikuwa na wajibu wa kumkinga mtu mwenye akili timamu na hatari aliyoiona mwenyewe, na kwamba haikuwa haki fukwe zilizofurahiwa na maelfu bila madhara ziharibiwe kwa ajili ya wachache wanaopuuza hatari iliyo wazi. Jaji mmoja alisema kwamba ndiyo, furaha ya ujana ina ajali zake, lakini hiyo si sababu ya kumvika kila mtu maisha ya kijivu yasiyo na ladha. Kwa zile fukwe hukumu ilikuja imechelewa, zilishafukiwa.

Na Waingereza hao hao, ambao tunawatolea mfano kila tunapotaka kuweka amri mpya, walifika mahali wakaona wamezidisha. Mwaka 2012 mamlaka yao ya afya na usalama kazini ilitoa tamko kuhusu michezo ya watoto ikisema kwamba lengo halikuwa kuondoa kila hatari, na kwamba mtoto anahitaji kukutana na hatari kiasi ili ajifunze kuipima. Tamko hilo lilitoka kwa chombo chenye kazi ya kuzuia ajali. Sioni kwa nini sisi tuanze safari hiyo pale wao walipoanzia.

Sasa nirudi kwenye ukuta wetu, maana hapa ndipo ninapotaka wakubwa wanisikilize kwa makini.

Kinachovunja shingo Forodhani hakitakuwa urefu wa ukuta. Kitakuwa uchache wa maji. Bahari yetu inapanda na kushuka mara mbili kwa siku, na siku za bamvua tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hufika kiasi cha mita nne. Kila mvuvi anajua, ila mzazi wa mjini anayekaa ghorofani huenda amesahau, kwamba bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na kwamba siku hizo maji hapa hujaa karibu na saa kumi alasiri. Ndiyo maana jioni za bamvua Forodhani hufurika watu, kwa sababu maji, jua na vijana vinakutana wakati mmoja. Lakini kila siku maji huchelewa kama dakika hamsini. Baada ya wiki moja, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, na saa ileile ya alasiri, mbele ya ukuta uleule, bahari inapwa. Kijana wa mtaani anayekuja kila siku anaona kwa jicho moja. Aliyekuja kutoka shamba siku ya sikukuu, au mgeni aliyeona video ya wiki iliyopita akataka naye apigwe picha, huyo haoni. Anaona watu walewale, ukuta uleule, na maji ya bluu. Anaruka kwa kichwa.

Huyo ndiye ninayemuogopea. Na vyuma havitamsaidia. Tufikirie vyuma vimeshatiwa. Vijana watapanda juu yake, kwa sababu hakuna askari atakayesimama pale mchana na usiku. Bomba lililorowa maji ya chumvi linateleza. Leo kijana anachukua mbio na kuruka mbali na ukuta, na kesho atakuwa amesimama juu ya bomba jembamba bila mbio, ameinuka mita moja zaidi kutoka majini, na akiteleza ataanguka karibu na mawe. Kwa lugha ya wodini, tutakuwa tumeongeza kimo, tumepunguza kasi ya kwenda mbele, na hatukugusa kina hata kidogo. Watakaoogopa kukamatwa watakwenda kuruka bandarini, kwenye magati ya boti, ambako hakuna bibi anayewatazama. Wengine watarudi Forodhani usiku. Yale ya pembea na mkungu nimeshayaona, sina haja ya kuyaona mara ya pili kwenye maji.

Ningependa ifanyike hivi. Ukuta upigwe mstari mnene wa rangi nyekundu upande wa baharini, pale ambapo wavuvi na waogeleaji wazoefu watakubaliana kwamba maji yakiwa chini yake hakuna kuruka kabisa. Juu yake upigwe mstari wa kijani, ambao maji yakiufika hata asiyejua kusoma atajua bahari imeshiba. Rangi ya mashua inatosha, na mafundi tunao Malindi hapa mjini. Karibu na meza za wachuuzi uwekwe ubao wa chaki unaoandikwa kila asubuhi saa za kujaa na kupwa siku hiyo. Majedwali ya maji yanachapishwa, hakuna siri. Na katika vijana wenyewe wa makachu wachaguliwe wakubwa wawili watatu wapewe fulana na filimbi. Nimewaangalia sana. Tayari wana sheria zao, hawaruki juu ya mwenzao, mdogo asiyejua hawamruhusu kupanda. Wanachokosa ni mtu mzima wa kuwaambia kwamba sheria zile ni kazi ya maana.

Kuna mambo mengine yanayonitia wasiwasi kuliko makachu na hayazungumzwi. Mashua zinazopeleka watalii kisiwa cha Changuu zinapakia jirani hapo hapo, na panga la mashine halichagui, kwa hiyo njia ya mashua na eneo la kuogelea vitenganishwe kwa maboya na kamba. Ngazi za kutokea majini zisuguliwe ukoga, kwa sababu wengi wanaoumia nyuso wanaumia wakitoka. Yawepo maboya mawili ya kuokolea yaliyotundikwa mahali pa wazi, yasifungiwe ofisini kwa kuogopa wezi. Na sehemu ile ambako akina mama wanakaa na watoto wa miaka miwili mitatu, hapo nakubali, kiwekwe kizuizi kifupi. Mtoto wa umri huo hapimi chochote, na Shirika la Afya Duniani linapozungumzia kuzuia watu kuzama linataja vizuizi kwa ajili ya wadogo kama hao. Linataja vilevile kuwafundisha watoto wa umri wa skuli kuogelea na kujikinga majini. Sisi tunataka kuchukua nusu ya kwanza ya ushauri na kuitia kwa kila mtu, na nusu ya pili tunaiacha.

Nitaambiwa: je, siku kijana akivunjika shingo, wewe bibi utasema nini kwa mama yake? Swali hili ni la haki. Nitamwambia ukweli, kama nilivyowaambia mama wengine huko nyuma, na nitakaa naye. Lakini namuomba anayeniuliza afikirie pia mama ambaye mwanawe atazama kwa sababu hakuwahi kufundishwa na mtu yeyote. Mama huyo haji barazani na hatajwi na mtu akihesabu faida ya vyuma, kwa vile hakuna wa kumuonyesha kidole. Ninavyoona mimi, nusu ya vyuma vinavyotiwa duniani hutiwa ili mtu fulani ofisini aweze kusema alifanya kitu. Namuelewa mtu huyo, ana familia na cheo cha kulinda. Namuomba tu afanye kitu kitakachomfaa kijana aliye majini.

Na lipo jambo ambalo mimi na wenzangu tunaweza kulifanya bila kusubiri bajeti. Shingo iliyopasuka inaweza kuharibika zaidi mikononi mwa waokoaji. Rafiki wanamvuta mwenzao kwa mkono mmoja, wanambeba kichwa kikining'inia, wanamkalisha, wanampa maji ya kunywa, wanampakia nyuma ya bodaboda. Mfupa uliokuwa umepasuka tu unaweza kuhama na kuumiza mishipa ya fahamu iliyo ndani ya uti wa mgongo, ambayo haioti tena. Kumshika mtu kama huyo kunafundishika. Anageuzwa chali hukohuko majini, bahari imbebe, mmoja anashika kichwa kwa mikono miwili kikae sawa na mwili wala hakiachii hadi mwisho, wengine wanateleza ubao chini yake, wanatoka naye pamoja kwa hesabu moja. Asiyepumua huangaliwa pumzi kwanza. Kijana wa miaka kumi na minne anaweza kujifunza haya kwa mchana mmoja, na atakayejifunza vizuri zaidi ni yule anayejua kuogelea.

Wauguzi wastaafu tuko wengi mjini na wengi tuna alasiri za bure. Tuko tayari kuja Forodhani kuwafundisha vijana wa makachu, siku za maji mafu, wakati ambapo hawatakiwi kuruka. Tunaomba ruhusa ya wanaohusika na bustani, na mtu wa kutuchongea ubao mmoja wa mti mwepesi, urefu wa mtu mzima, wenye matundu ya mikono pembeni. Kipimo chake ninacho na nitampa seremala yeyote atakayejitokeza kupitia gazeti lako.

Wako msomaji,
Muuguzi mstaafu,
Kikwajuni, Unguja